Ukipangiwa zahanati ya ziwani: jinsi ya kuzungumza na vijana kuhusu ngono salama

Wewe muuguzi mgeni, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii uliyekabidhiwa begi na fulana juzi: kabla hujabeba kondomu kwenda mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, angalia mwezi. Sitanii. Huku kwetu Ziwa Victoria, mkoa wa Mwanza, upande wa Buchosa na visiwa vyake, kijana wa kambi ya dagaa anapangiwa maisha na mwezi wa angani. Kwenye giza anavua. Anaingia ziwani jioni na taa zake, anarudi alfajiri, anashusha mzigo, analala hadi mchana. Mbalamwezi ikishika, taa haina faida tena, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapandishwa mchangani na tajiri, yaani mwenye mitumbwi, anapiga hesabu za mgawo. Hapo ndipo kijana anakuwa na hela, nafasi na nguvu, vyote kwa mkupuo, na grosari zinafunga usiku wa manane.

Kwa hiyo ukienda katikati ya giza utawakuta wamelala. Ukisubiri mbalamwezi iishe, utakuwa unatibu kisonono. Nenda siku mbili tatu kabla mwezi haujajaa, saa tisa alasiri, wakati wameamka na wanashona nyavu. Mikono ina kazi, macho yako kwenye uzi, na mtu asiyelazimika kukutazama usoni husema mengi. Ratiba ya wilaya ikikuletea tarehe nyingine, omba ibadilishwe. Mimi nimewahi kuitwa msumbufu kwa hilo na bado naomba.

Ninaowazungumzia hapa ni vijana wa miaka 18 kwenda juu. Akija binti au mvulana wa chini ya hapo na ana uhusiano na mtu mzima, hiyo ni kazi ya ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto, usiimalize peke yako kwa ushauri na pakiti ya kondomu.

Wanajua tayari

Usianze na somo. Kijana wa leo akikuona na begi anaanza kukutajia yeye: "Kuacha, kuwa mwaminifu, kutumia kondomu." Alifundishwa darasa la sita, amesikia redioni, ameona mabango kuanzia stendi ya Nyegezi mpaka kivukoni.

Hili halitokani na hisia zangu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijiji vya mkoa wa Mwanza vilipata mpango wa MEMA kwa Vijana: masomo ya afya ya uzazi shuleni, watumishi wa zahanati waliofundishwa kupokea vijana, na kondomu zilizosogezwa kijijini. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mwanza na wenzao wakafuatilia kwa kulinganisha na vijiji ambavyo havikupata mpango. Vijana wa mpango walijibu maswali vizuri zaidi, na kwa mdomo walisema wamebadilika. Walipopimwa, VVU na magonjwa mengine ya ngono hayakuonyesha tofauti ya maana. Nawaheshimu sana waliofanya kazi ile, maana walikuwa na ujasiri wa kuchapisha majibu yasiyofurahisha. Nilichochukua kwao ni kwamba ukweli wa kitabuni kijana anao. Anachokosa ni namna ya kuutumia saa nne usiku, akiwa na bia tatu kichwani, kwenye chumba cha kukodi ambacho taa yake ni simu.

Kazi yako ni hiyo saa nne ya usiku.

Tafuta nafasi ya undugu

Mimi nina umri wa kuwa mama yao, na hilo lilikuwa kikwazo. Mama hazungumzi mambo ya kitandani na mwanaye, na kijana akishakuita mama amejifunga mdomo. Bibi anazungumza. Bibi anamwita mjukuu "mume wangu" mbele ya watu na hakuna anayeshangaa, na mjukuu anamjibu kwa utani uleule. Nikaanza kukataa kuitwa mama. Kijana akisema "Shikamoo mama," namjibu "Marahaba mume wangu, mama yuko nyumbani kwenu, mimi bibi yako." Wanacheka, mlango umefunguka.

Wewe kama ni kijana wa rika lao huwezi kuwa bibi, lakini unaweza kuwa shemeji au kaka. Muuguzi wa kiume hapa kwetu anaitwa shem na kambi nzima, na siri anazopewa mimi sizipati. Na kwa mabinti, ukiwa dada wa umri wa kati, kuwa wifi au shangazi. Shangazi tangu zamani ndiye aliyekuwa akimfunda binti, usiiache nafasi hiyo ikae bure. Uliza kwanza wenyeji wanataniana vipi. Wakara, Wakerewe, Wajita na Wasukuma wamechanganyikana mwaloni na kila mmoja ana mipaka yake.

Masharti mawili ya siri. La kwanza: usizungumze na kijana huku tajiri wake au kiongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, amesimama pembeni, hata kama ndiye aliyekukaribisha. Mshukuru, kunywa soda yake, kisha sogea. La pili: daftari lako lisiwe na majina yanayosomeka na aliyekaa jirani. Siku mtu akisoma jina la rafiki yake kwenye daftari lako, hamisha ofisi.

Uliza mara ya mwisho

Ukiuliza "Unatumia kondomu?" jibu ni ndiyo. Ukiuliza "Una wapenzi wangapi?" jibu ni mmoja. Haya ni maswali ya mtihani, na wote tunajua majibu yanayopata maksi. Uliza mara ya mwisho. Mara ya mwisho ilikuwa wapi? Mlikuwa mmekunywa? Zana, yaani kondomu, ilikuwa kwa nani? Ilitosha mpaka asubuhi? Mtu anayesimulia tukio moja hasemi uongo kirahisi kama anayesema tabia yake kwa ujumla.

Mazungumzo ya kweli huwa hivi. Kijana wa miaka ishirini na kitu amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, sindano ya nyavu mkononi. Namuuliza zana anaweka wapi.

"Kwenye waleti, bibi."

"Hebu tuione hiyo."

Anaitoa. Pakiti imekunjika kufuata umbo la makalio yake, pembe zimepauka, tarehe haisomeki, ndani ya mkunjo kuna chembe za mchanga. Naishika, naibonyeza kwa kidole gumba: hakuna hewa, imelala kama karatasi.

"Hii umetembea nayo tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na mara ya mwisho uliitumia?"

Anacheka. "Bibi, si hiyo unayo mkononi?"

Sikumhutubia. Nilimwambia aniletee kopo. Akaenda kambini akarudi na kopo dogo la mafuta ya kujipaka lililokwisha, tukaliosha kwa sabuni mpaka ule utelezi ukatoka wote, tukalikausha, tukaweka pakiti nne na kufunga mfuniko. Hilo kopo likakaa kwenye begi lake la nguo, kivulini, mbali na bati na mbali na ndoo ya petroli. Kambi ile vijana wengine wakaiga, kila mmoja na kopo lake.

Kondomu na mikono ya mvuvi

Hapa kaa sana, maana mafunzo yetu yameandikwa kwa mtu wa mjini mwenye mikono mikavu. Mpira wa kondomu unaharibiwa na joto, jua, kucha, na zaidi ya vyote mafuta. Mafuta ya mgando, losheni, mafuta ya kupikia, yote yanaudhoofisha kwa dakika chache. Mvuvi wetu ameshika petroli iliyochanganywa na oili ya injini tangu jioni. Mwambie anawe kwa sabuni kabla ya kufungua pakiti, si kwa usafi tu, ni ili mpira usipasuke. Akihitaji ulainishi, ni ule wa maji unaotolewa kituoni, au mate, basi.

Onyesha kwa mfano wa mbao, na kila mmoja arudie mwenyewe, kutazama hakutoshi. Soma tarehe. Bonyeza usikie hewa. Isukume kondomu upande mmoja wa pakiti, kisha chana kwenye ukingo wenye meno, usitumie meno yako wala kisu cha samaki. Angalia inakunjukia upande gani kabla haijagusa mwili. Ikiwekwa kinyume, itupwe, usiigeuze. Bana chuchu ya mbele kwa vidole viwili hewa itoke, kunjua mpaka chini kabisa. Baada ya kumaliza toka kabla uume haujalegea, umeshika mpira kwenye shina. Funga fundo, tupa chooni au chimbia, usitupe ziwani. Raundi nyingine, kondomu nyingine. Na mbili kwa pamoja hazilindi mara mbili, zinasuguana na kupasuka.

Watakaokwambia kondomu inabana, waulize kama waliikunjua hadi mwisho. Mara nyingi pete imeachwa katikati na inakaba. Mwingine atakwambia zina wadudu. Chukua moja, ijaze maji mbele yake, mpe aishike. Usibishane.

Mahali pa kuziacha: boksi la zahanati halina mteja, kwa sababu liko chini ya macho ya nesi na wagonjwa kumi. Mimi naacha kwa kinyozi, kwenye kibanda cha kuchaji simu, chooni nyuma ya grosari, na kwa wahudumu wa grosari wenyewe. Kibanda cha kuchaji ndicho kinachoongoza, kila mtu ana sababu ya kuingia pale.

Kwa mabinti wa dagaa

Haya mazungumzo ni magumu kuliko yote, na ushauri wa mabango hapa hauna msaada. Binti ananunua dagaa mbichi mwaloni, anaanika kwenye kichanja, anauza kwa wachuuzi wa Kirumba. Hana mtaji. Anayempa ndoo kwa mkopo ni mwenye mtumbwi au nahodha, na deni hilo halilipwi kwa hela peke yake. Mmoja, akigeuza dagaa bila kuniangalia, aliniambia: "Dokta, nikimwambia avae, kesho ndoo zangu zinaenda kwa mwingine."

Usimwambie "jithamini." Anajithamini, ndiyo maana ana watoto wanaokula. Muulize ni nini kiko mikononi mwake. Kondomu ya kike anaweza kuivaa mapema kabla ya kukutana, lakini mwanaume ataiona, kwa hiyo apange atakachosema. Wengine husema ni ya uzazi wa mpango, na si uongo. Dawa kinga, yaani PrEP, hazihitaji ruhusa ya mtu: anapimwa kwanza, akiwa hana VVU anameza kila siku kwa muda wote anaoona yuko hatarini. Mweleze kwamba hazianzi kumlinda siku ileile ya kwanza, hazizuii mimba, na hazizuii kaswende wala kisonono. Kisha ongea kuhusu kikoba. Mabinti wakikopeshana wao kwa wao, bei ya ndoo inabaki kuwa bei ya ndoo. Hilo si la kitabibu, lakini nimeona linafanya kazi kuliko vipeperushi vyangu vyote.

Na usimwache aondoke akiamini sindano ya miezi mitatu au kipandikizi kimemaliza kila kitu. Vinazuia mimba tu. Wengi wanaotuletea kaswende wana kipandikizi mkononi.

Akija na "yutiai"

Hakuna anayekuja na ugonjwa wa zinaa. Wote wana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Kijana anakaa nje ya duka la dawa muhimu, ananunua vidonge vitatu vya antibayotiki, anameza viwili, kimoja anampa rafiki. Akija kwako na UTI yake, ipokee kwa jina hilohilo, kisha uliza: usaha unatoka? Kuna kidonda? Kinauma? Kisonono kwa mwanaume hujitokeza ndani ya siku chache, mara nyingi siku 2 hadi 7, na kuchoma kwake humleta haraka. Kwa mwanamke kinaweza kukaa kimya hadi kifunge mirija ya uzazi. Kaswende ndiyo ya hila: kidonda chake hakiumi, kinapona chenyewe, na mtu anakwambia alishapona wakati ugonjwa uko ndani ya damu.

Tibu siku hiyohiyo, na mpe kadi ya kumleta mwenza. Asiyetaka kadi, muulize kama ataweza kupiga simu akiwa hapo kwako. Mkoa huu una historia katika jambo hili: mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijijini Mwanza yaliyoonyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Vituo vya kawaida, kama chako.

Angalizo moja. Kijana aliyekulia bara, Kwimba au Misungwi, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, akikojoa damu inaweza kuwa kichocho cha mkojo. Usimbambikie mke wake kesi. Kwa mwanamke kichocho hicho huweza kushambulia hata mlango wa kizazi, akatokwa damu baada ya tendo, na kinafanya VVU ipate njia kwa urahisi. Tiba ipo, praziquantel, usisahau kuiwaza.

Kupima, na saa zinazohesabiwa

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupima VVU, na wa 18 kwenda juu anaweza kujipima. Kipimo cha mate kinapendwa sana mwaloni kwa sababu hakina sindano wala foleni. Mfundishe kusubiri dakika zilizoandikwa kwenye maelezo ya kipimo, asisome mapema wala asiache hadi kesho. Mistari miwili haimaanishi amepatikana na VVU, inamaanisha aje kituoni tuthibitishe. Mstari mmoja kwa aliyelala na mtu wiki iliyopita haumhakikishii kitu. Arudie baada ya miezi 3. Na aliye kwenye ARV, dawa za VVU, asijipime kwa mate akitaka kuona kama amepona, kinaweza kumdanganya.

Kondomu ikipasuka, au mtu amebakwa, saa zinaanza kuhesabiwa palepale. Dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya tukio, zianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na zimezwe siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, wanavyoviita P2, navyo ni bora ndani ya saa 72 hizohizo. Mwambie kijana hili kabla halijamtokea, na mpe namba ya simu ya zahanati, maana boti ya abiria haiji kila siku na upepo wa ziwa haumsubiri mtu. Kama kituo chako hakina PEP, ujue leo cha karibu chenye nayo ni kipi.

Tohara: kwa mwanaume inapunguza uwezekano wa kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Mawili kati ya majaribio yaliyothibitisha hilo yalifanyika kwa majirani zetu wa ziwa hilihili, Kisumu ya Kenya na Rakai ya Uganda. Sisi Wasukuma hatukuwa na jadi hiyo, leo vijana wanapanga foleni wenyewe. Sisitiza wiki 6 za kupumzika, na kondomu baada ya hapo. Kuna wanaotoka na bandeji wakidhani wamevalishwa kondomu ya kudumu.

Mwenye VVU na anayehama

Kijana aliye kwenye dawa ana haki ya mapenzi, na ana haki ya kujua habari njema: akimeza dawa vizuri na kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha haviwezi kugundulika, na vikaendelea hivyo, hamwambukizi mwenza wake VVU kwa ngono. Mwambie kwa maneno hayo. Wapo watumishi wanaoogopa kulisema wakidhani kijana ataharibika. Mimi nimeona kinyume, ndilo linalomfanya asikose dozi. Kondomu bado ina kazi yake kwa magonjwa mengine na kwa mimba.

Tatizo lake kubwa ni kuhama. Samaki wakisogea, kambi inasogea, na dawa zimebaki CTC, kliniki ya wenye VVU, ya kule alikoanzia. Mwingine hataki kuonekana kituo cha jirani, anaona bora apande meli hadi hospitali ya Sekou Toure mjini. Usimgombeze. Kama hali yake ni tulivu, aulizie dawa za miezi mingi kwa mkupuo mmoja. Aipige picha kadi yake ya CTC kwa simu, na namba yake ya kliniki aiandike mahali pengine pia, kwa sababu simu huzama. Akifika kambi mpya bila barua ya uhamisho, asifukuzwe kwenda kuitafuta; apewe dozi ya kuanzia huku wewe ukipigia kituo alikotoka.

Hapo ndipo utahitaji watu. Nina namba za wenzangu wa Maisome, Ukara na Nansio, na tunapigiana hata usiku: "Kuna mume wangu mmoja anakuja kwako na boti ya kesho, mpokee." Namba hizo hazigawiwi kwenye semina. Panda boti, jitambulishe zahanati ya kisiwa cha jirani, na uzikusanye kabla hujazihitaji.